Magendo Gerezani: Si Kila Simu Iliingizwa na Askari

"Si ni nyinyi wenyewe mnaowauzia wafungwa hizo simu?" Mtu akishajua kwamba nilivaa sare ya magereza hapa Kenya, na kwamba siku hizi nawafunza askari wapya, hilo ndilo la kwanza kumtoka. Jamaa za wafungwa wananiuliza, mawakili wananiuliza, na juzi kaniuliza mchungaji anayekuja kuwahubiria wafungwa. Kumjibu mmoja mmoja kumenichosha, basi nazijibu hapa dhana ninazozisikia.

Dhana: Magendo yote huingizwa na askari, na wakilipwa vizuri yataisha

Askari wanaoingiza wapo, na baadhi yao wamekamatwa. Ubaya uko kwenye hilo neno "yote". Mkuu wa gereza akiliamini, macho yote atayaelekeza kwa askari wake pale langoni, na njia nyingine zibaki wazi.

Njia hizo ni nyingi. Kila asubuhi mahabusu hutoka kwenda kortini, wafungwa hutoka kwenda shambani na hospitalini. Mahindi, maharagwe na kuni huingia kwa lori. Mafundi huja na masanduku yao ya vifaa. Wapo pia wa kurusha vifurushi juu ya ua usiku. Ila ukiniuliza ni wapi panaponinyima usingizi, nitakwambia ni kortini. Kwenye seli za korti mahabusu wetu huwekwa pamoja na watu waliotoka vituo vya polisi asubuhi hiyo hiyo, na koridoni jamaa wamejaa, kila mmoja na mfuko wake.

Sasa piga hesabu. Lori linarudi saa kumi na mbili na nusu jioni na mahabusu 60. Askari wa kupekua ni 3. Kumpekua mtu sawasawa, yaani mshono wa kola, pindo la suruali, soli ya malapa, kinywa, na karatasi za kesi moja baada ya nyingine, ni dakika 3 ukiwa na mkono mwepesi. Hiyo ni saa nzima. Giza limeshaingia, kuhesabu wafungwa kwa jioni hakujakamilika, na waliokuwa kazini tangu alfajiri hawawezi kukabidhi zamu. Mkuu wa zamu anapaza sauti: "Harakisheni!" Zile dakika 3 zinageuka sekunde 20. Na laini ya simu ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Tena mahabusu hawa si wachache. Kwa miaka mingi wamekaribia nusu ya watu wote walio magerezani Kenya, na magereza yenyewe hubeba watu wengi kupita nafasi iliyojengwa. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa mshukiwa haki ya dhamana kwa masharti ya kadiri, lakini anayeshtakiwa kwa kuiba kuku akidaiwa pesa ambazo ukoo wake mzima hauna, atapanda lori letu mara kwa mara mpaka kesi iishe. Kila safari ni mlango mmoja zaidi wa kulinda. Hakimu halioni hilo. Sisi tunaliona saa kumi na mbili na nusu.

Tuje kwenye mshahara. Aprili 2008 askari jela walisusia kazi nchini wakidai marupurupu ya hatari kama wenzao wa polisi, na kesi zikakwama kwa sababu hapakuwa na wa kuwapeleka mahabusu kortini. Walikuwa na haki ya kulalamika. Wakati huo ilikuwa kawaida familia mbili kuishi chumba kimoja cha kambini, pazia katikati, watoto wa huku wakisikia kila kitu cha kule. Anayeishi hivyo ni rahisi kununulika, sikatai. Hata hivyo Uingereza askari wa magereza hulipwa mara nyingi zaidi ya wetu, na bado kuna wanaopatikana na hatia ya kuingiza simu na dawa za kulevya. Pesa peke yake haielezi.

Kinachoeleza ni jinsi askari anavyotegwa. Hakuna mfungwa mwerevu anayeanza kwa kusema, "Afande, niletee simu." Huanza na salamu, kisha kumsifu: "Afande, wewe ndiwe mwenye utu humu." Halafu barua: "Nipelekee tu kwa mama, anaumwa." Barua haina kitu ndani, ni barua kweli. Wiki inayofuata dada mtu anatuma shilingi 500 kwa M-PESA, "ya chai, kwa kumjali mama". Askari kijana, tena mbali na kwao, anaona ni shukrani tu. Kumbe ujumbe ule una jina lake, tarehe na saa. Siku akiambiwa alete laini naye akakataa, anaulizwa kwa upole kama angependa mkuu wa gereza auone. Tangu hapo si suala la tamaa tena, ni woga.

Ndiyo maana darasani narudia jambo moja hadi wananicheka: ukipewa chochote, hata shilingi hamsini, iandike kwenye OB, kitabu cha matukio, siku hiyo hiyo. Usingoje kesho ukawaze. Kilichokwisha kuandikwa hakiwezi kukutisha. Na mkuu wa gereza anayemfokea askari aliyekuja kujieleza mwenyewe anawafundisha wengine kumi wanyamaze. Ningekuwa na uwezo, hao wakuu ndio ningewarudisha kwanza Ruiru, kwenye chuo cha mafunzo ya magereza.

Dhana: "Ni simu tu, si bunduki"

Hii huniuma zaidi ikitoka kwa mama wa mfungwa, maana mara nyingi mwanawe ndiye anayeumia. Mwenye simu gerezani hakai nayo usiku. Humpa mtu dhaifu aitunze: kijana mgeni, au mwenye deni la sigara. Msako ukija, anayeshikwa ni mtunzaji. Isiposhikwa ikapotea, mtunzaji huyo huyo anailipa kwa bei ya ndani, ambayo haifanani hata kidogo na ya dukani. Hapo ndipo nyumbani mnapigiwa mtume pesa kwa namba msiyoijua, "haraka, niko taabani". Mkituma, mmelipa deni la leo na kumwonyesha mdai kwamba nyumbani kuna wa kulipa. Usitume. Nenda ukamwone, kisha omba kuonana na mkuu wa gereza au ofisa wa ustawi.

Na simu hiyo hiyo ndiyo inayompigia shahidi usiku kabla hajatoa ushahidi. Kwangu mimi, dawa mojawapo ni wafungwa wapate simu halali za kutosha na za bei nafuu. Anayeweza kumsalimia mtoto wake Jumamosi bila kujificha hana sababu ya kununua dakika 5 kwa jambazi.

Dhana: Fungeni mitambo ya kuzuia mawimbi, basi

Mawimbi hayajui ukuta unaishia wapi. Nyumba za askari ziko ndani ya eneo la gereza, na magereza kama Kamiti na Shimo la Tewa yamezungukwa na majirani. Ukiuzidisha nguvu mtambo, unamkatia mawasiliano mama mjamzito aliye ng'ambo ya ua. Ukiupunguza, zinabaki pembe zenye mtandao, na wafungwa huzigundua kabla ya fundi kuondoka. Kampuni za simu zikiongeza masafa mapya, mtambo wako umepitwa.

Dhana: Kila ujumbe wa "ile pesa tuma kwa hii namba" unatoka Kamiti

Nyingine hutoka, kweli. Lakini polisi wamewakamata matapeli wengi wa simu wakiwa huru kabisa, na Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, ilishajipatia sifa hiyo miaka mingi. Jela imekuwa jina la kulaumu.

Dhana: Wavueni wote nguo, mtapata kila kitu

Hamtapata. Kilichomezwa hakionekani kwa kumvua mtu, kinaonekana kwa mashine ya kuchungulia mwili. Aidha Kifungu cha 51 cha Katiba kinamwachia mfungwa haki zake zote isipokuwa zile ambazo kufungwa kwake hakuwezi kuziruhusu. Sabuni ya mche, ambayo hakuna anayeivua nguo, imeshatupa kazi kubwa zaidi: hukatwa, huchimbwa, hufichwa kitu ndani, hufungwa tena kwa maji na kusuguliwa mpaka mstari upotee. Iweke kwenye mizani kando ya nyingine ya aina ile ile, kisha ivunje vipande viwili. Hakuna mtambo unaohitajika, ni mizani ya duka tu, nayo magereza mengine hayana.

Dhana: Nikimpelekea mfungwa chochote nitakamatwa

La. Kabla hujanunua kitu, uliza langoni kinachoruhusiwa siku hizo. Chakula cha nyumbani kiache nyumbani. Pesa zikabidhi ofisini na udai risiti yenye jina la mfungwa wako. Na mtu usiyemjua akikuomba pale kwenye foleni, "Dada, nisaidie kumpitishia ndugu yangu haka kamfuko," mrudishie hapo hapo.