Sarkoma ya sinasi yenye sura mbili: kwa nini S100 peke yake haitoshi

Kipande kinachonifikia maabara huwa na milimita chache tu, na fomu yake mara nyingi imeandikwa "vijinyama vya pua", kwa kuwa mgonjwa alilalamikia pua iliyoziba upande mmoja kwa miezi mingi. Chini ya hadubini naona seli nyembamba zilizojipanga kwa mafungu yanayokutana kwa pembe, mithili ya miiba kwenye uti wa samaki, nazo hugawanyika kwa nadra kiasi kwamba ni rahisi kuuita uvimbe huo usio hatari. Kinachonishtua ni utando wa pua uliojikunja na kuzama katikati ya uvimbe, au seli zinazopenya mfupa.

Sarkoma hii, yaani saratani ya tishu laini, ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2012. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, na hupenda sehemu ya juu ya pua pamoja na sinasi (matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso) za ethmoidi, zilizo katikati ya macho.

Mtego wake uko kwenye vipimo vya kingamwili, vinavyotia rangi protini fulani ndani ya seli. Seli zilezile huonyesha S100, ambayo tumezoea kuihusisha na neva, na pia aktini ya misuli laini; ndizo sura zake mbili. Anayeishia kwenye S100 ataandika saratani ya ala ya neva, ugonjwa mkali zaidi unaoweza kumwingiza mgonjwa kwenye matibabu asiyoyahitaji; sarkoma hii hurudi palepale ilipotolewa, pengine baada ya miaka mingi, lakini kusambaa mbali ni nadra mno. Ndiyo maana siachi kuagiza SOX10, alama nyingine ya neva, ambayo hapa huwa hasi, wakati PAX3 huwa chanya ndani ya viini.

Mwaka 2014 ilibainika kwamba katika wagonjwa wengi jeni ya PAX3 ya kromosomu ya 2 imeungana na MAML3 ya kromosomu ya 4. Mwenzake huyo si mmoja daima: wakati mwingine ni FOXO1, na muungano huo wa PAX3 na FOXO1 ndio uleule wa rabdomiosarkoma ya alveoli, saratani kali ya misuli ambayo seli zake ni za mviringo na hugawanyika kwa kasi. Jibu la jeni la namna hiyo likinifikia, hurudi kwenye slaidi ya kwanza, nikaitazama tena ile miiba ya samaki kabla ya kutia saini.