Bendi kongwe ikitafuta mwimbaji, imsikilize kesho yake asubuhi

Kazi yangu ni kufundisha sauti, na bendi zinapofanya usaili wa mwimbaji huniita nikae pembeni na kalamu. Bendi changa hazinipi taabu, kwa sababu hazina wa kumlinganisha naye. Shughuli iko kwa wakongwe wa roki: watu waliopiga pamoja miaka thelathini, wenye nyimbo ambazo mashabiki wanazijua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi, halafu mwimbaji huyo amefariki, amejitoa, au koo limegoma. Wote huja na swali lilelile: nani ataifikia ile noti ya juu?

Ile noti ndiyo jambo dogo kuliko yote. Katika wimbo mzima huenda inatokea mara mbili, sekunde chache kila mara. Kijana mwenye kipaji akilala vizuri na kupasha sauti ipasavyo ataifikia, na wazee watatazamana na kutabasamu. Kinachomaliza waimbaji ni noti zilizo chini kidogo ya hiyo, zile ambazo wimbo unakaa muda mwingi. Mwanaume anapoimba noti ya La iliyo juu ya Do ya katikati ya kinanda, nyuzi sauti zake hugongana mara 440 kila sekunde. Dakika mbili tu za kuimba hapo ni migongano zaidi ya 50,000. Sasa weka nyimbo ishirini za namna hiyo katika usiku mmoja, usiku wa pili vilevile, kisha safari ya basi na kiyoyozi kinachokausha koo. Kwa hiyo, kabla hajaitwa mtu yeyote, huwa ninaomba orodha ya nyimbo za onyesho na kuchora kila wimbo unakaa wapi. Mara nyingi bendi yenyewe hushangaa. Wimbo wanaouogopa ni mwepesi, na ule wanaouona wa kupumzikia ndio unaomkaba mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni bendi ya Marekani, Journey. Mwimbaji wao Steve Perry aliwaachia nyimbo zinazokaa juu sana, na zinakaa huko kwa muda mrefu. Steve Augeri, aliyeingia mwaka 1998, alizibeba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2006 akaondoka katikati ya ziara kwa matatizo ya koo. Jeff Scott Soto akaziba pengo, naye hakumaliza mwaka. Mwaka 2007 mpiga gitaa Neal Schon akawa anatafuta mtu YouTube, akakuta video za Mfilipino aitwaye Arnel Pineda akiimba nyimbo za watu na bendi yake, The Zoo, jijini Manila. Kufikia mwisho wa mwaka Pineda alikuwa mwimbaji wa Journey, na mwaka 2008 albamu yao mpya ikatoka.

Kisa hiki husimuliwa kama ngano ya bahati, na bahati ilikuwepo, sikatai. Ila mimi navutiwa na jambo jingine. Pineda alikuwa ameimba kwenye klabu kwa miaka mingi, Hong Kong na kwao Ufilipino. Mwimbaji wa klabu huimba usiku baada ya usiku, seti baada ya seti, mbele ya watu wanaokula na kuzungumza, leo akiigiza sauti ya huyu na kesho ya yule. Asiyejua kuitunza sauti yake huko hachukui mwezi. Ufanano wake na Perry uliwafanya watu wabofye video, lakini kazi ya klabu ndiyo iliyomwezesha kusimama kwenye ziara. Zaidi ya hayo, zile zilikuwa video za jukwaani. Rekodi ya studio inaficha kila kitu, na mimi siku hizi nakataa kusikiliza maombi yaliyorekodiwa studio.

Kwa sababu hiyo hiyo usaili wa televisheni haunishawishi. INXS, bendi ya Australia, walimpoteza mwimbaji wao Michael Hutchence mwaka 1997, na mwaka 2005 wakatafuta mrithi wake kwa shindano la televisheni. JD Fortune akashinda, wakarekodi albamu, wakaenda ziara, na baadaye wakaachana. Sitaki kumhukumu mtu kwa hilo. Tatizo ni kipimo chenyewe. Shindano la televisheni humpa mtu wimbo mmoja au miwili kwa wiki, taa nzuri, na siku kadhaa za kupumzika. Linapima uwezo wa kumvutia mtazamaji kwa dakika nne. Bendi inahitaji kujua mtu huyo anakuwaje katika wimbo wa kumi na saba.

Usaili ninaoupendekeza unachosha na hauna mvuto wa kutazamwa. Mwimbaji anaimba onyesho zima, kwa mpangilio wa onyesho, bendi ikipiga kwa sauti ya jukwaani na si ile ya adabu ya chumba cha mazoezi. Kelele zikipanda, kila binadamu hupandisha sauti bila kujua. Hilo halizuiliki kwa kuambiwa, linazuilika kwa mazoezi. Nataka nione kama anajua kujizuia. Kisha anaenda kulala, na asubuhi ninamwita tena peke yake, tunazungumza kwanza. Sauti ya mazungumzo inasema mengi: kama imeshuka na kukwaruza, kama maneno yanakatika mwanzoni, kama anakohoa kila baada ya sentensi. Halafu ninamwomba aimbe jambo laini sana, kwa sauti ya chini kabisa, katika eneo la juu. Nyuzi sauti zilizovimba hazikubali kuimba kwa upole. Zinaweza kupiga kelele, lakini mnong'ono wa juu zinaukataa, unatoka hewa tupu. Wengi waliong'ara jana yake huangukia hapo.

Hapo ndipo ugomvi wa ufunguo, yaani kimo ambacho wimbo mzima unapigwa, unapoanza. Mwimbaji mzuri amepatikana, ila nyimbo zinamkalia juu kidogo. Kwa nini zisishushwe? Kwa mpiga kinanda hilo ni jambo la kubonyeza kitufe. Kwa mpiga gitaa ni kama kuambiwa ahame nyumba, kwa sababu mapigo mengi ya roki yamejengwa juu ya nyuzi zisizobanwa, hasa ule mnene wa Mi, unaonguruma wenyewe chini ya vidole vinavyofanya kazi nyingine. Ukihamisha wimbo hadi Re, ngurumo ile inabaki bila mahali pa kukaa. Dawa ni kulegeza nyuzi zote kwa nusu toni, hatua ndogo kabisa ya kinanda: vidole vinabaki palepale, wimbo mzima unashuka. Nyuzi zikilegea zinacheza na kukosa nguvu, kwa hiyo unaweka nene zaidi na kurekebisha gitaa upya. Ni kazi ya siku moja ya fundi. Guns N' Roses wamepiga nusu toni chini tangu albamu yao ya kwanza ya mwaka 1987, na sijasikia mtu akidai inawapunguzia ukali. Kwa koo, La ya 440 inashuka hadi 415 hivi. Inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mwishoni mwa onyesho la saa mbili ndiyo tofauti ya kumaliza na kutomaliza.

Kuna bendi ambazo hazikubali kushusha ufunguo. Bruce Dickinson alipoondoka Iron Maiden mwaka 1993, nafasi ilichukuliwa na Blaze Bayley kutoka Wolfsbane, mtu mwenye sauti nzito na ya chini zaidi. Alikuwa na rangi yake nzuri, na katika nyimbo zilizoandikwa wakati wake inasikika. Lakini kila usiku alitakiwa pia kupanda ngazi alizojenga Dickinson, ambaye makao ya sauti yake yako juu kabisa. Kufikia mwaka 1999 Dickinson alikuwa amerudi. Mashabiki wengi walimlaumu Bayley. Mimi nailaumu orodha ya nyimbo.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumpata pacha. Judas Priest, baada ya Rob Halford kuondoka, walimpata Tim Owens wa Akron, Ohio, mwaka 1996 kupitia mkanda wa video; alikuwa akiimba nyimbo zao hizohizo katika bendi ya kupiga kopi. Kwa uwezo wa koo, Owens hakuwa na deni kwa mtu. Walitoa naye albamu mbili za studio, mwaka 1997 na 2001, kisha Halford akarudi mwaka 2003. Pacha ana bahati mbaya: akiimba vizuri, sifa zinakwenda kwa aliyemtangulia; akikosea, lawama ni zake.

AC/DC walifanya kinyume, na katika hali ngumu zaidi. Bon Scott alifariki London Februari 1980. Brian Johnson, mwanaume wa kaskazini mashariki mwa Uingereza aliyewahi kuimba na bendi ya Geordie, aliitwa kwenye usaili, na moja ya nyimbo alizoimba ilikuwa ya Ike na Tina Turner, si ya AC/DC. Natamani kila bendi ifanye hivyo. Ukimpa mtu wimbo wa marehemu, utasikia marehemu tu; ukimpa wimbo wa jirani, utamsikia yeye. Scott alikuwa msimulizi mwenye utani kooni, Johnson ni msumeno. Hawakumtaka awe Scott. Waliingia naye studio Bahamas na Julai mwaka huohuo "Back in Black" ilikuwa madukani, nyimbo zikiwa na mashairi aliyoshiriki kuyaandika yeye mwenyewe. Mwimbaji mpya akiwa na nyimbo zake mwenyewe, hata zile za zamani humvumilia.

Si kila mara inayotafutwa ni sauti moja. Alice in Chains, kwa mfano, nembo yao haikuwa Layne Staley peke yake. Ilikuwa ni sauti yake na ya mpiga gitaa Jerry Cantrell zikibanana kwa karibu mno, karibu kuumiza sikio. Staley alifariki mwaka 2002. William DuVall alipoingia mwaka 2006, kilichohitajika ni mtu wa kubanana na Cantrell, na albamu ya mwaka 2009 inaonyesha walielewa hivyo. Deep Purple nao mwaka 1973 walimchukua David Coverdale, muuza nguo asiyejulikana, lakini wakamweka kando ya mpiga besi Glenn Hughes, aliyekuwa mwimbaji kamili. Mzigo wa juu ukawa wa Hughes, wa chini wa Coverdale. Kila nikikuta bendi ambayo mpiga besi anaimba vizuri kiitikio cha nyuma, huwauliza kwanza kama wana uhakika wanahitaji mtu mmoja wa kubeba vyote.

Genesis waliligundua hilo kwa njia ndefu. Peter Gabriel aliondoka mwaka 1975, wakasikiliza waombaji wengi, na mpiga dramu wao Phil Collins ndiye aliyekuwa akiwaimbia waombaji nyimbo ili wazijue. Mwisho maiki ikabaki kwake. Ila kumpandisha mtu wa ndani kunafungua kiti kingine, na jukwaani walilazimika kutafuta mpiga dramu.

Kuhusu Queen nitasema machache. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, amenishinda kumfundisha mtu yeyote amwige, na nimeacha kujaribu. Brian May na Roger Taylor walifanya la busara: jina linasema wazi ni Queen pamoja na Paul Rodgers, kisha Queen pamoja na Adam Lambert. Ile alama ya kujumlisha inampa mgeni ruhusa ya kuwa mgeni.

Linkin Park wameleta swali jipya kidogo. Chester Bennington alifariki Julai 2017, na Septemba 2024 bendi ikamtangaza Emily Armstrong wa Dead Sara, wimbo mpya ukitoka siku hiyohiyo na albamu Novemba. Mwanamke anapochukua nyimbo za mwanaume mwenye sauti ya juu, watu huogopea kiitikio. Kwa kawaida shida iko kwenye beti, zinazoshuka hadi mahali ambapo sauti yake inakosa mwili na dramu zinaifunika. Ukishusha ufunguo unamwongezea tabu. Hapo inabidi upande, au sauti ya pili ichukue beti. Wao wana Mike Shinoda tangu mwanzo, na hilo ni nusu ya suluhisho.

Mikataba ni kazi ya wanasheria. Nitaongeza tu kwamba mtu anayelipwa kwa onyesho hukubali kuimba akiwa mgonjwa, na mwanachama kamili huwa na ujasiri wa kusema leo haiwezekani. Koo linajua tofauti hiyo.

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni masikio. Mwaka 2016 Johnson huyohuyo wa AC/DC aliambiwa na madaktari aache maonyesho au apoteze usikivu kabisa, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akamalizia ziara. Johnson alirudi baadaye, amesikika kwenye albamu ya 2020. Sauti yake haikuwa tatizo. Mwimbaji asiyejisikia husukuma, na anayesukuma huvimba, kwa hiyo sasa naomba vipimo vya masikio kabla ya usaili, vya mwombaji na vya bendi nzima. Waombaji huleta bila neno. Wapiga gitaa huniambia watapima baada ya ziara, na kwa wakati huo naomba angalau spika zao zigeuzwe zisielekee kichwani mwa anayeimba.