Spodoptera: jenasi moja, nondo wengi, na namna ya kuwatenganisha

Jenasi ni ngazi katika upangaji wa viumbe. Inakusanya pamoja spishi zilizotokana na mzazi mmoja wa zamani, ambazo bado zinafanana katika mambo ya msingi. Ndiyo neno la kwanza katika jina la kisayansi, na la pili linataja spishi yenyewe. Ukisoma Spodoptera exempta na Spodoptera frugiperda, unaambiwa mambo mawili kwa mpigo: hawa ni wa ukoo mmoja, lakini kila mmoja ni spishi yake.

Nimeichagua jenasi hii kwa sababu imegusa sahani zetu. Spodoptera exempta ndiye kiwavijeshi wa Afrika, anayejulikana Tanzania na Kenya kwa vizazi. Spodoptera frugiperda ndiye kiwavijeshi vamizi aliyetoka mabara ya Amerika na kugunduliwa Afrika mwaka 2016. Wakulima wengi huwaita wote wawili viwavijeshi tu, na jina hilo la pamoja linaficha tofauti kubwa ya tabia, chakula, msimu na hata dawa inayofaa.

Spodoptera ina spishi zipatazo 30 duniani. Mwaka 2002 Michael Pogue, mtaalamu wa nondo wa Marekani, alichapisha mapitio ya jenasi nzima, na kazi yake hadi leo ndiyo wengi wanaanzia. Karibu nusu ya spishi hizo ni waharibifu wa mazao, zilizobaki hula magugu na majani ya porini bila mtu kuzijali. Nondo wenyewe ni wadogo. Frugiperda akikunjua mabawa ana upana wa milimita 32 hadi 40, na ndugu yake Spodoptera exigua ni mdogo zaidi, milimita 25 hadi 30 hivi. Wote huruka usiku, na wote wana mabawa ya mbele ya kijivu au kahawia na ya nyuma meupe au yenye weupe wa lulu. Mtu asiyezoea akiwapanga mezani atadhani ni nondo wa aina moja, baadhi wamechakaa na baadhi bado wazima.

Hata mipaka ya jenasi yenyewe imewahi kuhama. Ukifungua vitabu vya kilimo vya katikati ya karne iliyopita utakuta Laphygma exempta, Laphygma frugiperda na Prodenia litura. Baadaye wataalamu walipolinganisha maumbo kwa makini waliona Laphygma na Prodenia hazina sababu ya kusimama peke yake, wakaziingiza ndani ya Spodoptera, jina lililotolewa na Guenée mwaka 1852. Kwa hiyo mtu anayetafuta taarifa za zamani kuhusu viwavijeshi wa Tanganyika akiandika Spodoptera peke yake atakosa mengi. Mdudu ni yule yule, jina la ukoo ndilo lililobadilishwa.

Sasa tuje kwenye kuwatambua. Njia ya kwanza, na rahisi kuliko zote, ni kumtazama kiwavi. Kiwavi wa frugiperda aliyekomaa ana alama mbili zinazotajwa sana. Moja iko usoni: mistari myeupe yenye umbo la herufi Y iliyogeuzwa juu chini. Nyingine iko karibu na mwisho wa mwili, kwenye pingili ya nane ya tumbo: madoa manne meusi yaliyopangwa mraba. Mabango mengi ya kilimo huanza na ile Y. Mimi ningeanza na madoa. Ile Y ni mahali ambapo vipande vya kichwa hukutana, na viwavi wengi wa jamii hii wanayo, exempta akiwemo; kwa frugiperda inang'aa zaidi tu. Madoa manne ya mraba ndiyo yanayombana frugiperda hasa. Shika kiwavi kwa kibanio, mgeuze mgongo juu, hesabu kutoka mkiani: ruka pingili mbili za mwisho, na kwenye ile inayozitangulia utaona madoa manne makubwa yenye nafasi sawa pande zote. Kwenye pingili za katikati madoa pia ni manne, lakini mawili ya mbele yamekaribiana kuliko ya nyuma, hivyo hayatengenezi mraba.

Kwa viwavi wadogo alama hizi hazionekani. Frugiperda hujivua ngozi mara kadhaa na kupita hatua sita kabla ya kuwa pupa (hatua ya kutulia kabla ya kuota mabawa), na katika hatua ya kwanza ni kijani hafifu mwenye kichwa cheusi, sawa na viwavi wengine kadhaa. Bahati mbaya huo ndio wakati mzuri wa kupulizia, kabla hajazama kwenye moyo wa mhindi ambako dawa haimfikii.

Exempta ana fumbo lake mwenyewe. Viwavi wake wakiwa wachache hubaki kijani au kahawia, wametulia chini ya nyasi, na mtu anaweza kupita shambani asiwaone. Wakiwa wengi mahali pamoja, wale wale hugeuka weusi kama mahameli wenye mistari ya njano ubavuni, wakala mchana kweupe na kuhama kwa makundi kutoka shamba hadi shamba. J. C. Faure wa Afrika Kusini alilieleza jambo hili mwaka 1943: ni spishi moja yenye sura mbili, na msongamano ndio unaoamua sura ipi itokee. Rangi, basi, ni ushahidi dhaifu sana katika jenasi hii. Anayesema "huyu ni mweusi, yule ni kijani, ni wadudu wawili" anaweza kuwa ameshika ndugu wa tumbo moja.

Mmea unaoliwa hutoa dokezo zuri. Exempta anakula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, mpunga, ulezi, na malisho ya mifugo. Ukikuta kiwavi kwenye nyanya au pamba, huyo mweke kando. Spodoptera littoralis, anayepatikana Afrika nzima na pwani za Mediterania na aliyesumbua mashamba ya pamba ya Misri kwa muda mrefu, hula karibu kila kitu chenye jani pana. Kiwavi wake ana mabaka meusi ubavuni, na yale ya pingili ya kwanza na ya nane ya tumbo ni makubwa kuliko mengine. Spodoptera exigua hupenda vitunguu, pilipili na mboga, kiwavi wake mara nyingi ni kijani laini. Frugiperda naye huvuruga kanuni hii: ameandikwa kwenye mimea ya aina nyingi mno, ingawa huku kwetu mahindi ndiyo anayoyashambulia hasa. Majani yaliyotoboka safu kwa safu, na kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa mbao kilichojaa kwenye moyo wa mmea, ni dalili zake. Lakini bungua, yule funza wa mabua, naye hutoboa majani machanga kwa safu kabla hajaingia kwenye bua, na miezi ya mwanzo ya uvamizi wapo waliodhani ni bungua tu wamezidi mwaka huo.

Nondo mkubwa, yaani aliyekwisha kuota mabawa, ni mgumu zaidi. Dume wa frugiperda ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, na doa refu la rangi ya mchanga lililolala mshazari katikati. Jike hana hayo; ni kahawia ya kijivu tupu. Exigua ana doa la mviringo lenye rangi ya machungwa hafifu. Littoralis ana mistari myeupe inayofuata mishipa ya bawa. Maelezo haya yanatosha kama nondo ni mpya. Rangi ya bawa, hata hivyo, ni magamba madogo mno yaliyopangwa juu ya utando mwangavu, na yanatoka kwa kuguswa tu. Nondo aliyepigapiga mabawa usiku kucha ndani ya ndoo ya mtego, asubuhi anatolewa akiwa na utando uliokwanguka, na kila alama uliyoisoma kitabuni imebaki kuwa vumbi chini ya ndoo.

Mitego yenyewe ina hila yake. Inatumia feromoni, harufu ambayo jike huitoa kumwita dume, iliyotengenezwa maabara. Kila spishi ina mchanganyiko wake, lakini jenasi moja hurithi viungo vinavyokaribiana: kemikali kuu ya exempta na ya frugiperda ni ile ile, na kinachowatofautisha ni viambato vya kiasi kidogo. Ndiyo maana mtego wa frugiperda hukamata pia nondo wasioalikwa, wakiwemo wa jenasi nyingine kabisa kama Leucania loreyi. Anayehesabu kila nondo aliyemo na kuandika "frugiperda 40" anaweza kuwa ameandika taarifa ya uongo bila kukusudia, na taarifa hiyo ikapanda wilayani na kuamua dawa inunuliwe kiasi gani.

Hapo ndipo kazi inapohamia mezani, chini ya hadubini. Mtaalamu hukata tumbo la nondo, hulilaza kwenye mmumunyo wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 mpaka nyama laini ziyeyuke, husafisha magamba kwa brashi ndogo, na kubakiwa na vipande vigumu vya viungo vya uzazi. Vipande hivyo havififii wala havibadiliki kwa msongamano au chakula. Umbo la vibanio vya dume, na urefu wa mifereji ya jike, hutofautiana kutoka spishi hadi spishi. Mfano ninaoupenda ni Spodoptera littoralis na Spodoptera litura, wa pili akiwa wa Asia na visiwa vya Pasifiki. Kwa bawa hawatengeki, na kwa miaka mingi walihesabiwa kuwa mdudu mmoja. Mfereji wa uzazi wa jike na mdomo wa mfereji huo vina urefu sawa kwa littoralis, na urefu tofauti kwa litura. Mkaguzi wa mizigo ya maua au mboga anayetaka kujua kama nondo aliyenaswa ni wa Afrika au wa Asia, jibu lake liko kwenye sehemu hiyo ndogo isiyoonekana kwa macho.

Njia nyingine ni DNA. Kipande cha jeni iitwayo COI, chenye herufi zipatazo 650, husomwa na kulinganishwa na maktaba ya spishi zinazojulikana. Faida yake ni kwamba yai, kiwavi wa siku moja, au mguu uliokatika vyote hutoa jibu lile lile. Wakati frugiperda alipozuka Afrika Magharibi mwanzoni mwa 2016, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walimthibitisha kwa maumbo na kwa DNA kwa pamoja, na uthibitisho huo ndio uliozipa nchi nyingine sababu ya kuanza kuangalia mashamba yao. Kufikia mwisho wa 2017 alikuwa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo.

Lakini hata DNA ina mahali inapokwama, na hapo ndipo dhana ya spishi inapojaribiwa kweli. Katika miaka ya 1980 ilibainika huko Amerika kwamba ndani ya frugiperda kuna makundi mawili: moja hupatikana zaidi kwenye mahindi na mtama, jingine kwenye mpunga na nyasi fupi. Hakuna alama ya bawa wala ya kiwavi inayowatenganisha. COI hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo inaonyesha upande mmoja wa nasaba. Walipopima nondo wa Afrika, wengi walikuwa na COI ya kundi la mpunga, huku jeni nyingine iitwayo Tpi ikiwa ya kundi la mahindi, na nondo hao wako shambani wanakula mahindi. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba makundi hayo yamezaana. Je, ni spishi mbili zinazoanza kuachana, au moja yenye matawi? Kwa maoni yangu ni moja, maana wanaozaana na kuacha kizazi chenye nguvu hivi hawajaachana bado.

Kwa mkulima swali zito liko mapema zaidi: exempta au frugiperda? Exempta huja na mvua za kwanza, mlipuko huanzia mara nyingi Tanzania na Kenya, kisha nondo hubebwa na upepo kuelekea kaskazini hadi Ethiopia na hata Yemen. Ndiyo maana Tanzania imekuwa na mtandao wa mitego na utabiri wake, na wilaya ya Kilosa ni miongoni mwa mahali ambako wanakijiji wenyewe walifundishwa kusoma mtego na mvua wakatoa tahadhari. Frugiperda hasubiri msimu. Palipo na mhindi wa kijani, hata wa umwagiliaji, anazaa kizazi baada ya kizazi, takriban kila mwezi mmoja kwenye joto. Utabiri wa exempta haumhusu. Virusi vinavyomuua exempta, vilivyowahi kujaribiwa mashambani kaskazini mwa Tanzania kama dawa ya kibayolojia, ni vya exempta. Frugiperda ana virusi vyake.

Ukikuta viwavi usiowajua, piga picha mbili: uso kwa mbele, na mgongo wa nusu ya nyuma ukiwa umenyooka na madoa yanaonekana. Andika mmea uliomkuta na tarehe. Kisha weka viwavi watatu au wanne wakubwa kwenye kichupa chenye spiriti kali, asilimia 95 ikiwezekana ili DNA isiharibike, na umpe bwana shamba pamoja na picha.