DAC ya kujiundia: maana yake na namna ya kuichagua

DAC ni kigeuzi: kinapokea muziki ukiwa bado tarakimu, kinautoa ukiwa umeme unaopanda na kushuka, tayari kwa amplifaya na spika. Muziki wa CD, kwa mfano, ni vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo kina biti 16. Simu na televisheni zina kigeuzi chao ndani. DAC ya kujiundia ni ile unayonunua bodi yake, ukailehemu, ukaitafutia umeme na boksi mwenyewe.

Wengi huanza kwa kuuliza chipu ipi, yaani kile kipande kidogo kinachofanya ugeuzaji wenyewe, ni bora. Swali hilo lingoje kidogo. Uliza kwanza muziki unatoka wapi, kwa sababu chipu nyingi za aina hii hazielewi USB wala waya wa mwanga. Zinachoelewa ni I2S, njia iliyotolewa na Philips mwaka 1986, yenye waya tatu za msingi: saa ya biti (mapigo yanayohesabu biti moja moja), saa ya kutenganisha kushoto na kulia, na data yenyewe. Kama unasikiliza kutoka kwenye kompyuta, utahitaji bodi ya kupokea USB, mfano zile zenye chipu ya XMOS. Kama ni televisheni yenye tundu la waya wa mwanga, utahitaji kipokezi kama DIR9001, ambacho kinaishia kilohezi 96, yaani vipimo 96,000 kwa sekunde. Hapo ingia kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM, yaani sauti ya tarakimu isiyobanwa. Ukiiacha itoe Dolby utapata kimya au makelele. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inatoa I2S moja kwa moja, na kwa anayeanza hiyo ndiyo njia fupi.

Kwa Raspberry Pi, bodi ndogo yenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments inatosha. Inatoa voti 2.1, kiwango cha kawaida cha deki ya CD, haihitaji umeme wa hasi, na inajitengenezea saa yake kuu kutoka kwenye saa ya biti. Pini ya 12 ya Pi iende BCK (saa ya biti), ya 35 iende LCK (saa ya kushoto na kulia), ya 40 iende DIN (data), ya 2 iende VIN (umeme) na ya 6 iende GND (ethi). Waya zisizidi sentimita 10. Kisha kwenye faili la config.txt andika dtoverlay=hifiberry-dac, badilisha dtparam=audio=on iwe off, na uwashe upya. Amri ya aplay -l ikionyesha kadi ya sauti, upande wa programu umekwisha.

Ikionyesha kadi lakini spika zimenyamaza, geuza bodi. Kwenye bodi nyingi za aina hii nyuma kuna sehemu nne za kuunganisha kwa tone la risasi, kila moja ikiwa na upande wa H na wa L. Ya 1, ya 2 na ya 4 ziende L. Ya 3 iende H, maana hiyo ndiyo XSMT, pini ya kunyamazisha, na ikiwa chini chipu inajifunga mdomo. Sauti ikichakacha, angalia pini ya SCK, ya saa kuu: iunganishe na GND. Ikiachwa inaning'inia, chipu huweza kuokota kelele za jirani ikidhani ni saa.

Umeme ndio unaoharibu DAC nyingi kuliko chipu. Chaja ya simu ya bei rahisi huingiza mlio mwembamba unaobadilika kadiri Pi inavyofanya kazi. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika, washa Pi kwa pawabenki. Mvumo ukipotea, tatizo ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na amplifaya: chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au weka transfoma ndogo ya sauti katikati. Kukata waya wa ethi wa amplifaya kunaondoa mvumo kweli, na kunaweza pia kuua mtu.

Sasa chipu. ES9038Q2M ina kelele ndogo zaidi kwa vipimo, ila inataka hatua nyingine ya saketi baada yake ifanye kazi vizuri, na kila hatua ni nafasi ya kukosea. PCM5102A ina desibeli 112 kati ya sauti na kelele. CD haina zaidi ya takriban 96, kwa hiyo sebuleni tofauti ni ya karatasini. TDA1541A ya Philips haitengenezwi tena, na feki zake ni nyingi.

Na usiichomekee hedifoni. PCM5102A inataka mzigo wa omu 1,000 kwenda juu. Hedifoni nyingi ni omu 32, zinahitaji amplifaya yao.