Ufadhili wa wakimbizi kupitia masinagogi ya Kanada: nafasi haiuzwi, na familia haifichwi

Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wakimbizi wa Kongo na Burundi walioko Kakuma, Nyarugusu na Nairobi yanafanana. Mtu ametoa pesa kwa dalali aliyemwambia kwamba Wayahudi wa Kanada wanachukua familia, na kwamba jina likishaingia kwenye orodha safari haichelewi. Orodha ya namna hiyo haipo. Ufadhili wenyewe, yaani watu wa Kanada kuchukua jukumu la kumpokea na kumtunza mkimbizi mwanzoni, upo na ni wa kweli, ndiyo maana matapeli wanajificha nyuma yake.

Jumuiya za Kiyahudi za Kanada zina sababu ya kuifanya kazi hii kwa moyo. Mwaka 1939 meli ya St. Louis, iliyobeba zaidi ya Wayahudi 900 waliokuwa wakiikimbia Ujerumani ya Hitler, ilikataliwa na Kuba, Marekani na Kanada, ikarudi Ulaya. Abiria wake 254 waliangamia baadaye mikononi mwa Wanazi na washirika wao. Serikali ya Kanada iliomba radhi rasmi tarehe 7 Novemba 2018. Huko Winnipeg, kikundi kidogo cha Wayahudi kilianzisha Operation Ezra kikilenga kuleta familia moja ya Wayazidi, watu wa dini ndogo ya Iraki waliofukuzwa eneo la Sinjar na wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu mwaka 2014. Kazi ikakua, na watu wa dini nyingine wakaungana nao. Toronto nako, JIAS, shirika la Kiyahudi la kuwasaidia wahamiaji, limeshirikiana na masinagogi kuwapokea Wasiria. Wayazidi na Wasiria hao si Wayahudi. Kwa hiyo lile swali lisiloisha, kama ni lazima ubadili dini au uandike kwamba una damu ya Kiyahudi, jibu lake ni hapana. Anayekushauri uandike hivyo anaiharibu kesi yako.

Utaratibu ni huu. Shirika lenye mkataba na serikali ya Kanada hupewa mgao wa idadi ya watu kila mwaka. Sinagogi huingia chini ya shirika hilo: linaunda kamati, linachanga fedha za mwaka mzima, na linaandika mpango wa mapokezi unaotaja majukumu moja moja. Nani atakwenda uwanja wa ndege, familia italala wapi usiku wa kwanza, nani atafuatilia kadi ya afya na namba ya bima ya jamii, nani ataandikisha watoto shule, nani ataongozana na mama kliniki pamoja na mkalimani. Mpango ukipungua, shirika huurudisha. Ukikamilika, maombi ya wafadhili na fomu za mkimbizi hutumwa pamoja Ottawa, kisha faili huenda kwenye ofisi ya viza. Hufuata mahojiano, vipimo vya afya na ukaguzi wa usalama, na mwishoni Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) hupanga safari. Mwenye uamuzi ni afisa wa uhamiaji. Rabi, kiongozi wa dini wa sinagogi, hawezi kumrukisha mtu hatua, wala sisi tunaoandika haya hatuwezi.

Kuhusu fedha, mkimbizi halipi ada ya maombi. Mfadhili haruhusiwi kumdai malipo ya awali wala ahadi ya kurudishiwa gharama. Matunzo hudumu miezi 12 tangu kufika, au hadi familia ijitegemee ikiwa hilo litatangulia, na fedha huingia kwenye akaunti ya mkimbizi mwenyewe. Kamati haishiki kadi yake ya benki. Nauli ni jambo jingine. Mara nyingi hulipwa kwa mkopo wa serikali usio na riba, na mkimbizi ndiye anayeurejesha. Wafadhili wamewahi kuitwa wezi kwa sababu ya deni hili, na si haki.

Njia ya kundi la watu watano, ambapo wakazi watano au zaidi wa Kanada huungana kumfadhili mkimbizi bila kupitia shirika lenye mkataba, na ambayo ndugu zenu walioko Kanada wameizoea, ilisimamishwa kwa maombi mapya tarehe 29 Novemba 2024. Kabla hujasaini chochote, angalia tovuti ya idara ya uhamiaji ya Kanada uone hali ilivyo. Njia hiyo pia hudai hati ya kutambuliwa kuwa mkimbizi, kutoka UNHCR au serikali ya nchi uliyokimbilia. Aliyehama Goma akaishia Bukavu hafadhiliwi kwa njia yoyote kati ya hizi, kwa kuwa bado yuko ndani ya nchi yake. Tunaomba hili lieleweke.

Linaloumiza kesi kuliko yote ni familia isiyoandikwa. Fomu ina nafasi ya wanafamilia wanaosafiri na wasiosafiri, na wote wanaandikwa: mke au mume mliyetengana bila talaka, mtoto aliyebaki kwa bibi yake Uvira, mtoto aliyepotea njiani ambaye hujui yuko wapi. Usiyemtaja na hivyo hakuchunguzwa, kwa kawaida huwezi kumdhamini baadaye kama mwanafamilia. Mtoto wa marehemu kaka yako muandike kama mtoto wa kaka, usimgeuze wa kuzaa. Majina ya watoto yasipofanana na ya baba, kama ilivyo kawaida Kongo, toa maelezo; usiyarekebishe ili yapendeze. Mtoto akizaliwa au ndoa ikifungwa baada ya mahojiano, toa taarifa kabla ya kupanda ndege.

Udanganyifu humfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka 5, na aliyekwisha kufika anaweza kupoteza ukaazi. Kosa likipelekwa mahakamani, adhabu ya juu ni faini ya dola 100,000 za Kanada, kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Anayemshauri mwingine kudanganya naye amo.

Wale mlioandika mke, mume au watoto wasiosafiri, mna mwaka 1 tangu kufika kuwaombea waungane nanyi kupitia faili ileile. Mtoto anahesabiwa akiwa chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Wekeni nakala ya kila fomu mliyosaini, na iambieni kamati ya sinagogi mapema, katika wiki za kwanza, kwa sababu vyeti kutoka Uvira au Bujumbura huchelewa na mwaka huo hauongezwi.