Kidonda cha kisigino na sukari inayopanda

"Daktari, sukari kwenye chai niliacha zamani. Ugali nao nimepunguza. Mbona bado inapanda?"

Mama huyo huuza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Kipimo cha asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, kilisoma milimoli 13.6 kwa lita. Nikamwomba avue viatu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kidonda chenye usaha, amekifunga kwa kipande cha leso wiki ya pili sasa.

Tumezoea kuona mafuta ya mwili kama gunia la mahindi: unaweka, unachota. Kumbe gunia hili linasema. Seli za mafuta hutoa homoni. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York, huuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Adiponektini huisaidia insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kufanya kazi kwenye ini na misuli. Cha ajabu, mtu akinenepa leptini hupanda lakini adiponektini hushuka, ingawa zote zinatoka kwenye mafuta yale yale.

Kinga ya mwili ina mkono wake hapo. Seli ya mafuta iliyojaa kupita kiasi hupata oksijeni kwa shida, na baadhi hufa. Chembe za kinga ziitwazo makrofeji huja kuzoa mabaki. Ukitazama kwa darubini, zimeizingira seli iliyokufa kama watu waliozunguka ajali ya bodaboda. Nazo hazikai kimya: hutoa protini za kuitana, mojawapo TNF. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hujaa TNF, na kwamba protini hiyo huizuia insulini. TNF hiyo hiyo huzibana seli za mafuta zisitoe adiponektini, huku ikizisukuma zitoe leptini zaidi. Leptini nayo huzichochea chembe za kinga. Basi ni kuchocheana tu, mwaka baada ya mwaka, bila homa wala maumivu. (Njaa hufanya kinyume: leptini huporomoka na kinga hulegea, sababu mojawapo ya mtoto mwenye utapiamlo kuugua ovyo.)

Mama wa Kibuye alikuwa na moto huo tumboni tayari. Kidonda kilimwaga mafuta ya taa juu yake: kinga ilipopigana na vijidudu kisiginoni, ujumbe wake ulisambaa kwenye damu, kortisoli, homoni ya msongo, ikapanda, insulini ikazidi kukwama. Hata angekula nusu ya ugali ule, sukari isingeshuka ipasavyo.

Tulisafisha kidonda, tukampa antibiotiki, dawa zake za kisukari hatukuzibadilisha. Baada ya wiki tatu kipimo kilisoma 8.9.

Bado tumbo. Nilimpima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 104, na urefu wake ni 160. Kiuno kikizidi nusu ya urefu, tunakuwa na wasiwasi. Alikokotoa mwenyewe upesi, kama anayetafuta chenji, kisha akaniuliza kama utepe ule naweza kumwachia.