Dawa ya Kupuliza Haitibu Kifundo: Kazi Halisi ya Mtabibu wa Michezo

Mchezaji yuko chini, ameshika mguu, refa anapunga mkono, na mtu mmoja anatoka benchi mbio na begi. Mashabiki humwita dokta. Anapuliza kile kichupa cha baridi, mchezaji anainuka akichechemea, na uwanja mzima unaamini dawa imefanya kazi. Haikufanya. Ile baridi hutia ganzi ngozi kwa dakika chache tu. Kano iliyochanika chini yake haijaguswa. Kama mtu yule anaijua kazi yake, alishaifanya kwa macho na vidole kabla kichupa hakijatoka kwenye begi.

Mtabibu wa michezo si kocha wa viungo, na kuchua misuli ni sehemu ndogo tu ya shughuli zake. Yeye huzuia majeraha kabla hayajatokea, hutoa huduma ya kwanza uwanjani, hupima jeraha na kuamua nani aende hospitali, kisha humrudisha mchezaji mchezoni hatua kwa hatua. Marekani taaluma hii ina chama chake tangu 1950. Kwingine kazi hiyohiyo hubebwa na mtaalamu wa fiziotherapia, muuguzi, au yeyote aliyesomea. Jina si hoja. Hoja ni kama anaweza kuamua vizuri akiwa na dakika moja mkononi na kocha anapiga kelele nyuma yake.

Uamuzi huanza ukiwa bado unakimbia kuelekea kwa majeruhi. Anasogea? Analia? Anayelia anapumua, na hiyo ni habari njema. Wa kuogopa ni yule aliyeanguka bila kuguswa na mtu yeyote. Kama haitiki na hapumui kawaida, chukulia kwamba moyo umesimama. Mikono na miguu inaweza kurukaruka kwa sekunde kadhaa, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani ni kifafa, wakaanza kumtafutia kijiko. Acha kijiko. Kandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukikiacha kifua kirudi juu kila mara, na mtu mwingine akimbilie mashine ya kushtua moyo. Kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mashine hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwa hiyo mashine iliyofungiwa ofisini ni sawa na isiyokuwepo.

Kifundo, kwa mpangilio

Mengi tunayokutana nayo hayatishi kiasi hicho. Kifundo cha mguu ndicho mteja wetu wa kila wiki, na kinaonyesha vizuri utaratibu wa kupima: uliza, tazama, papasa, kisha jaribu. Ukiruka hatua, utalipa.

Ninauliza mguu ulipindukia wapi, kama alisikia mlio, na kama aliweza kukanyaga mara baada ya kuumia. Mara nyingi wayo huwa umegeukia ndani, na kano ya kwanza kuchanika ni ile ya mbele upande wa nje. Kisha nafungua viatu na soksi za miguu yote miwili, maana mguu mzima ndio kipimo changu. Kupapasa naanzia mbali na maumivu: mfupa mwembamba wa nje wa muundi, kutoka chini ya goti nikishuka. Anayeanza kazi huenda moja kwa moja kwenye uvimbe. Mchezaji anaruka kwa maumivu, misuli inakaza, na baada ya hapo hupati jibu la maana. Tena huko juu kuna mvunjiko unaojificha, unaotokana na kifundo kilichopinda huku chini. Usipopapasa, hutauona.

Swali la picha ya eksirei lina majibu yake tangu 1992, madaktari wa Ottawa, Kanada, walipotoa kanuni ambazo hadi leo tunazitumia. Kwa aliyeumia kwenye kifundo, mpeleke kupigwa picha kama mfupa unauma ukiubonyeza kwenye ukingo wa nyuma au ncha ya nundu yoyote kati ya zile mbili za kifundo, ndani ya sentimita 6 za mwisho, au kama hakuweza kupiga hatua 4 papo hapo na bado hawezi unapompima. Hatua za kuchechemea nazo zinahesabiwa. Kama maumivu yako katikati ya mguu, bonyeza shina la mfupa wa kidole kidogo na ule mfupa wa ndani ulioko juu ya tao la wayo. Kosa ninaloliona sana ni mtu kubonyeza kano laini mbele ya nundu, mchezaji akalia, akaandikiwa eksirei. Kano iliyochanika lazima iume. Swali ni kama *mfupa* unauma.

Baadaye ndipo yanakuja majaribio ya mikono. Goti limekunjwa kidogo, mkono mmoja unashika muundi, mwingine unakamata kisigino na kukivuta mbele. Kikisogea kuliko cha upande wa pili, kano ya mbele imeachia. Lakini kifundo kilichovimba huficha ukweli, hivyo rudia siku ya 4 au ya 5. Majibu ya siku hiyo yanaaminika zaidi. Halafu bana mifupa miwili ya muundi katikati ya kigimbi. Maumivu yakitokea chini, juu kidogo ya kifundo, kano zinazounganisha mifupa hiyo zimeguswa, na huyo mchezaji usimwahidi wiki mbili.

Kufunga tepu

Hapa ndipo unapomtambua fundi. Mchezaji anakaa mezani, mguu ukining'inia kuanzia katikati ya kigimbi, wayo umesimama nyuzi 90. Wayo ukilegea na kuelekea chini, unafunga kifundo katika mkao uleule wa hatari, na kazi yote ni bure. Mpe kitu cha kuangalia, maana akianza kuchezea simu wayo unashuka bila yeye kujua.

Ngozi iwe kavu. Weka vipande viwili vya sponji vyenye mafuta kidogo ya mgando, kimoja nyuma kwenye kano ya kisigino na kingine mbele pale kamba za viatu zinapokaza, kisha zungusha tabaka moja la sponji nyembamba ya kulinda ngozi. Tepu ya pamba isiyovutika, upana wa sentimita 3.8, ndiyo ya kazi hii. Nanga, yaani vipande vya kushikilia vingine vyote, ni mbili juu, pale kigimbi kinapoanza kujaa, na nyingine katikati ya mguu. Nanga hazikazwi. Mguu hutanuka unapokanyaga, na nanga ya chini iliyokazwa hubana shina la mfupa wa kidole kidogo hadi mtu aombe kutolewa kabla ya mapumziko.

Kisha vikuku vitatu: anza upande wa ndani, pita chini ya kisigino, vuta kwa nguvu ukipanda upande wa nje. Uelekeo huo ndio unaozuia wayo kugeukia ndani. Ukivuta kinyume unausaidia kuteguka. Kila kikuku kilalie nusu ya kilichotangulia. Fuata na mzunguko wa namba nane, halafu kufuli za kisigino, yaani tepu inayokizunguka kisigino kukishikilia, mbili kila upande. Kufuli humsumbua kila mwanafunzi, kwa sababu tepu hugoma kukunja kona. Usiilazimishe. Iache ifuate umbo la mguu, wewe badilisha pembe ya mkono. Malizia kwa kufunika kuanzia chini hadi juu bila kuacha madirisha, maana ngozi inayochungulia katikati ya tepu mbili hubanwa na kutoa malengelenge. Kunyanzi moja chini ya wayo hufanya vivyo hivyo.

Msimamishe, atembee, kisha bonyeza ukucha wa kidole gumba. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Isiporudi, kata uanze upya, hata kama timu ziko mlangoni.

Tepu hulegea. Baada ya dakika 20 hadi 30 za mchezo sehemu kubwa ya ule ubanaji imekwisha, kwa hiyo usifunge saa mbili kabla ya mechi ili upate nafasi ya kunywa chai. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, wiki hadi wiki, hukilinda kifundo kwa muda mrefu kuliko tepu yoyote, ingawa hakuna anayeyapigia makofi.

Joto: poza kwanza, gari baadaye

Kiharusi cha joto kinaua, na kinaua watu ambao wangepona. Mchezaji anayumba, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, anakuwa mkali bila sababu, kisha anaanguka. Watu husubiri ngozi ikauke ndipo waamini. Aliyekuwa anakimbia anaweza kulowa jasho chapachapa na bado ubongo wake unapikika. Dalili mbili zinatosha: akili imevurugika, na joto la ndani ya mwili limepita 40.5°C au karibu na hapo. Joto hilo hupimwa kwa njia ya haja kubwa. Kipimajoto cha kwapani, mdomoni au cha paji la uso hukupa namba ya chini inayokutuliza bure.

Mtumbukize kwenye beseni kubwa la maji na barafu, mwili wote hadi kifuani. Pitisha shuka chini ya makwapa na mtu mmoja ashike ncha zake nyuma, ili kichwa kisizame. Koroga maji bila kuacha, kwa sababu maji yaliyotulia hupata joto kando ya ngozi na kuwa kama blanketi. Yakikorogwa, mwili hushuka takriban nyuzi 1 kila dakika 5. Mtoe akifika 38.9°C, ukichelewa atapoa kupita kiasi. Lengo ni kumaliza ndani ya dakika 30 tangu kuanguka, na gari la wagonjwa lisubiri. Huna beseni? Mlaze kwenye turubai, watu wainue kingo, mimina maji na barafu, mtikise. Taulo zilizoloweshwa kwenye barafu ni chaguo la mwisho, na zibadilishwe kila baada ya dakika 2 au 3.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea joto, hivyo wiki ya kwanza si ya kupima uanaume wa mtu. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi: kilo 1 iliyopungua ni karibu lita 1 ya jasho. Aliyeongezeka uzito naye ana tatizo, amekunywa maji kupita kiasi na chumvi ya damu inashuka.

Kichwa, na swali la lini arudi

Ukishuku mtikisiko wa ubongo, mchezaji anatoka na harudi siku hiyo. Maswali ya haraka ya uwanjani, kama tuko uwanja gani, kipindi cha ngapi, nani alifunga la mwisho, husaidia kugundua tatizo, hayatoshi kuthibitisha kwamba mtu yuko salama. Kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo, kiitwacho SCAT6, kinataka dakika 10 hadi 15 mahali patulivu, na mtu anaweza kukifaulu akaanza kutapika jioni. Kurudi kuna hatua 6, kila moja angalau saa 24, na dalili zikizidi unarudi hatua nyuma.

Kwa misuli na kano, tarehe peke yake haitoshi kumruhusu mtu. Tunalinganisha miguu: aruke kwa mguu mmoja, tupime umbali, tutafute angalau asilimia 90 ya mguu mzima. Mtego ni kwamba aliyekaa nje miezi 9 baada ya upasuaji wa goti ana mguu "mzima" uliodhoofika pia, kwa hiyo 90 ya hapo inaweza kuwa 90 ya kitu kidogo. Ndiyo maana vipimo vya mwanzo wa msimu, kabla mtu hajaumia, ni dhahabu. Viandike.

Andika pia mpango wa dharura kwa kila uwanja mnaotumia, kisha mufanye jaribio angalau mara moja kwa mwaka: nani anapiga simu, nani anabeba mashine, nani anasimama barabarani kuelekeza gari. Na muulize mlinzi ufunguo wa geti kubwa uko kwa nani siku za Jumapili.